Mchango wa Paa

Mwaka ule upepo ulipoezua jengo letu pale Tunduma, katibu wa wenye fremu za maduka nilikuwa mimi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mengi niliyoyafanya mwaka ule niliyafanya nikijiambia kuwa ni kazi ya katibu. Imenichukua muda mrefu kukubali kwamba lile baya kuliko yote halikuwa kazi ya katibu. Lilikuwa langu.

Jengo lenyewe ni la ghorofa moja, liko nyuma kidogo ya barabara ambapo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mwenye kiwanja, mzee mkulima wa kahawa wa Hasamba, alikuwa na kiwanja lakini hakuwa na pesa ya kujenga. Sisi tulikuwa na pesa kidogo kidogo lakini hatukuwa na kiwanja. Tukakubaliana naye: watu kumi na wawili, kila mmoja alipie ujenzi wa fremu yake, aitumie kwa miaka kumi na mitano, kisha amkabidhi mzee. Sita chini, sita juu. Mwanasheria mmoja wa Vwawa alituandikia mkataba, na kifungu kimoja kilisema kwamba vitu vya pamoja, yaani paa, ngazi, mfereji na shimo la choo, vikiharibika, wenye fremu wote watachangia matengenezo sawa kwa sawa, wa juu na wa chini. Tulitia saini ujenzi ulipokwisha, na hakuna aliyekitazama kifungu hicho mara mbili. Jengo lilikuwa jipya, bado linanuka rangi.

Fremu yangu ilikuwa juu, ya mwisho. Nilikuwa nauza vitenge, na pembeni nilikuwa na cherehani ya kushonea wateja wasiotaka kwenda kwa fundi mwingine. Wengi walikuwa akina mama kutoka ng'ambo, Nakonde na kuendelea. Waliniita bamayo, yaani mama, huku wakivuta kitambaa kuona kama ni kizito.

Chini, fremu ya kwanza ukiingia, alikuwapo mama mmoja aliyeuza maharage, mchele na karanga. Alikuwa Mnyiha wa Ruanda, kule Mbozi, mjane, ananizidi umri kama miaka ishirini. Tulikuwa tumejuana kabla ya jengo, tulipokuwa bado tunauza chini kwenye maturubai. Nilifika mjini kutoka kwetu Momba nikiwa na mtoto mgongoni na robota moja la mkopo, na yeye ndiye aliyesogeza magunia yake ili nipate pa kutandika. Nikivuka kufuata mzigo, mtoto alibaki kwake. Binti yangu alijifunza kutembea akishikilia magunia ya maharage ya mama yule, akienda moja hadi jingine. Yeye aliniita mwanangu. Mimi nilimwita mama, na sikumwita hivyo kwa adabu tu.

Kusoma kulikuwa kunampa shida. Herufi kubwa za mabango aliziweza, lakini karatasi zilimshinda, kwa hiyo karatasi zake zote nilimsomea mimi: za leseni, za ushuru, za shule ya mjukuu wake. Alizifunga kwenye pindo la khanga, akazipandisha juu, akakaa kwenye kigoda changu na kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Upepo ulikuja mwezi wa tatu, mchana, na mvua nyuma yake. Nilisikia kwanza mabati yakigongana, kisha nikaona mwanga pale ambapo hapakuwa na dirisha. Nusu ya paa iliondoka. Bati moja lilikutwa limelala juu ya lori ng'ambo ya barabara. Maji yalimwagika moja kwa moja kwenye rafu zangu, nami nikasimama katikati ya duka nimekumbatia vitenge vichache nisijue niviweke wapi. Aliyepanda ngazi kuja kunisaidia alikuwa yeye, peku, khanga ameifunga kiunoni. Tulishusha mzigo wote mikononi. Alifunga biashara yake siku mbili ili vitenge vyangu vianikwe juu ya magunia yake na kwenye kamba aliyoifunga kutoka ukuta hadi ukuta.

Siku chache baadaye tulifanya kikao palepale ngazini. Fundi wa paa alikuwa ameshapanda na kutuambia kwamba kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, zimeoza, kwa hiyo hakuna maana ya kurudisha mabati tu. Paa lote litengenezwe upya. Mwenyekiti wetu, ambaye aliuza saruji na misumari fremu ya tatu chini, aligawanya gharama mafungu kumi na mawili. Nikasoma kile kifungu cha mkataba kwa sauti. Watu wa chini walinung'unika, lakini ni mama wa maharage peke yake aliyesimama.

"Mwanangu," aliniambia, ingawa kikao kilikuwa cha watu wote, "juu ya kichwa changu kuna zege, na juu ya zege kuna duka la mwenzangu. Kwangu halijadondoka tone. Paa ni la walio juu."

"Mkataba unasema wote, mama," nilisema.

"Nimesikia."

Akakaa. Nilidhani amekubali. Kufikia mwezi wa tano watu kumi na mmoja walikuwa wamelipa. Mimi nililipa kwa kuuza cherehani. Yeye hakuwa ametoa kitu, na kila nilipopita mlangoni kwake nikamkumbusha, aliniuliza habari za mtoto.

Fundi alikuwa ameanza kazi kwa kuniamini mimi na mwenyekiti. Alipomaliza, mwanzoni mwa mwezi wa sita, salio lake lilikuwa fungu moja kamili, la mama wa maharage. Basi akawa anakuja kila asubuhi, anageuza ndoo ya rangi, anakaa mbele ya duka langu. Hakugomba. Alinisalimia, akauliza kama nimeamka salama, kisha akakaa mpaka saa tano. Wateja walianza kuuliza kama ni mume wangu. Nilicheka mara ya kwanza na ya pili. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nashindwa kupima kitambaa bila kukosea, kwa kuwa mtu ananitazama mikono.

Mwezi wa saba kamati yetu ya wenye fremu iliamua mama wa maharage aandikiwe barua ya madai. Niliiandika mimi. Ningependa kusema niliiandika kwa huzuni, lakini sivyo ilivyokuwa. Niliandika rasimu tatu, na ile ya tatu ilinipendeza. Nilitaja kifungu kwa namba yake. Mwishoni niliweka sentensi ambayo mwenyekiti aliisifu: kwamba asipolipa ndani ya siku kumi na nne, kamati itaifunga fremu yake kwa kufuli na kulifikisha shauri kwenye baraza la kata. Mlinzi wa jengo akapewa barua ampelekee.

Siku ya pili, mchana, nilimwona anapanda ngazi polepole, mkono mmoja umeshika pindo la khanga. Alikaa kwenye kigoda, akafungua fundo, akanipa barua yangu.

"Nimeletewa karatasi," alisema. "Nisomee."

Nilidhani ananifanyia dhihaka. Nilimtazama usoni na sikuona dhihaka yoyote. Alikuwa ameinamisha kichwa kama kawaida yake. Fundi alikuwa ameshaondoka, hakukuwa na mteja. Nikaanza kusoma. Maneno niliyoyapenda nilipokuwa nayaandika sasa niliyatamka moja moja. "Ndugu mwenye fremu, rejea kikao chetu." Nilimsomea mpaka karibu na mwisho, na nilipoifikia sentensi ya kufuli, nikairuka. Nikamalizia na salamu na jina la cheo changu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Kuna mahali pameandikwa kufuli. Fundi simu wa chini amenisomea jana jioni. Wewe hukupasoma."

Nilikunja karatasi nikaikunjua tena.

"Nilitaka kuisikia kwa mdomo wako," alisema. "Sasa nimeona kwamba umeona haya. Kama unaona haya, basi wewe naweza kukueleza."

Ndipo akanieleza. Mumewe alipokuwa mgonjwa, miaka miwili nyuma, aliweka rehani shamba lao la kahawa la Ruanda kwa mtu mmoja mwenye pesa, ili apate za hospitali. Waliandikishana wawili tu. Ndugu zake hawakuambiwa, kwa sababu shamba lilitoka kwa mama yao, na angewaambia wangemzuia. Alikufa hata hivyo. Muda wa kulikomboa ulikuwa unaisha mwezi wa tisa, kabla ya watu kuanza kutayarisha mashamba. Mama yule alikuwa amekusanya pesa kwa kuuza maharage kopo kwa kopo, na sasa zilikuwa zimetosha. Zilitosha tu. Akitoa mchango wa paa, hazitoshi.

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Niseme mbele ya watu kwamba marehemu aliweka rehani shamba la mama yake? Shemeji zangu wakisikia, watalikomboa wao, na mimi sitalima tena pale. Nilisema yale ya zege kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema sina. Mchango ni wangu, najua. Niache nikomboe shamba kwanza. Baada ya hapo nitalipa kila mwezi kidogo kidogo, mavuno yajayo nitakuwa nimemaliza."

"Nitaongea na kamati."

"Ongea nao. Ila hili la shamba liishie hapa."

"Litaishia hapa, mama," nilisema. Nilisema hivyo nikiwa nimemshika mkono.

Nilijaribu. Nataka hilo nalo lijulikane, ingawa halinisaidii. Niliwaambia wanakamati wampe muda. Mwenyekiti akauliza kwa sababu gani. Nikasema nimeona tu ni vema. Akatabasamu akawageukia wenzake.

"Yule ni mama yake, kila mtu anajua," alisema. "Angekuwa mwingine, katibu angeshanunua kufuli."

Mtu mmoja akaongeza, kwa sauti ya mzaha, kwamba huenda katibu ameshapelekewa gunia la mchele. Walicheka. Nilikwenda nyumbani na kicheko kile. Nilikuwa nimeuza cherehani yangu kulipia paa, na sasa ilionekana mimi ndiye ninayekula. Katika siku zilizofuata nilianza kumkasirikia yeye badala yao. Nilijiuliza kwa nini siri yake imeletwa kwangu, kwa nini ni mimi ninayekaliwa mlangoni na fundi, kwa nini shamba lake liwe na uzito kuliko cherehani yangu. Nilijilisha maneno hayo kila siku mpaka yakawa na ladha ya haki.

Tulifika baraza la kata mwezi wa nane. Kulikuwa na baridi na upepo wa vumbi, watu wamevaa masweta na kujifunika vitenge vichwani. Chumba kilikuwa kidogo, na kwenye mabenchi ya nyuma walikaa watu waliokuwa wakisubiri mashauri yao, wanasikiliza ya wenzao kwa kukosa la kufanya. Fundi naye alikuja, akakaa karibu na mlango.

Mzee aliyeongoza baraza alikuwa mpole. Alimsikiliza mwenyekiti wetu, akasoma kifungu, kisha akamuuliza mama wa maharage anasemaje.

"Deni ni langu," alisema mama. "Sikatai. Kwa sasa sina uwezo wa kulipa lote. Naomba nilipe kila mwezi kidogo mpaka mavuno."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alisema shauri ambalo mdaiwa anakubali deni ni jepesi, kilichobaki ni kupatana. Alimuuliza mwenyekiti wetu kama wako tayari. Mwenyekiti alisitasita, akakuna kidevu, na niliona wazi kwamba anaelekea kukubali. Ilikuwa inaisha. Ilikuwa imebaki mtu mmoja tu kunyamaza.

Ndipo mzee akanigeukia. "Katibu, wewe ndiye unayekaa nao. Uwezo wa huyu mama unaujuaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema biashara ya nafaka ni ngumu mwaka huu, na ingekuwa kweli. Nilisimama, nikasema:

"Pesa anazo. Aliniambia mwenyewe. Amezitunza za kukombolea shamba la marehemu mumewe kule Ruanda, lililowekwa rehani."

Ilikuwa pumzi moja. Sikutaja tu pesa. Nilitaja na shamba, nikataja rehani, nikataja marehemu na mahali. Hakuna aliyeniuliza hayo.

Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake iliyokuwa magotini.

"Ni kweli, mama?" mzee aliuliza.

"Ni kweli."

"Na zipo?"

"Zipo."

Mzee akasema, bila ukali, kwamba kama pesa zipo basi deni linalodaiwa leo halina budi kutangulia, na mengine yatafuata. Akampa wiki mbili. Karani aliandika, mama akaweka dole gumba.

Tulipotoka, mwenyekiti aliniita kwenye kibanda cha jirani akaninunulia soda. Alisema leo nimewaonyesha watu kwamba sina upendeleo. Wanakamati wengine wawili walinipa mkono. Nikainywa soda ile yote, ya baridi siku ya baridi, na nilipokuwa naimaliza nilimwona mama anapita upande wa pili wa barabara akirudi dukani kwa miguu, khanga imepeperushwa na upepo, anaishika kwa mikono miwili. Sikumwita.

Alilipa kabla ya wiki mbili kwisha. Alipanda ngazi asubuhi akanipa pesa zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Hakukaa.

"Katibu, naomba risiti," alisema.

Nikaandika. Nikaikosea ya kwanza, nikaichana nikaandika nyingine. Alisubiri akiwa amesimama.

"Weka na tarehe."

Nikaweka tarehe. Mchana fundi alilipwa salio lake akaondoka na shukrani nyingi, na tangu siku hiyo mbele ya duka langu pakawa peupe. Nilikuwa nimeutamani ule weupe kwa miezi miwili. Ulipokuja sikuwa na la kuufanyia.

Kwenye mabenchi yale ya nyuma, mmoja wa waliokuwa wakisubiri alikuwa mtu wa Ruanda. Wiki haikuisha, habari zikafika huko. Nilikuwa nashuka ngazi nikasikia sauti za wanaume ndani ya duka la mama, nikasimama katikati. Walikuwa shemeji zake wawili. Hawakuwa wanafoka.

"Shemeji, kwa nini jambo la nyumbani kwetu tulisikie kwa mtu aliyelisikia barazani?" mmoja alikuwa akiuliza.

Sikusikia jibu. Nilirudi juu. Mwezi wa tisa ulipofika, mama alikuwa amepungukiwa kiasi kilekile alichotoa kwa ajili ya paa. Mdogo wa marehemu hakupungukiwa. Alikwenda kwa mwenye pesa, akalikomboa shamba, wakaandikishana upya kwa jina lake.

Nilizipata habari hizo kwa fundi simu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akimsomea mama karatasi zake. Usiku ule sikulala vizuri, na Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Vwawa, kisha pikipiki mpaka Ruanda. Sikumwambia mama. Nilijiambia naenda kurekebisha. Nadhani nilikuwa naenda kutafuta mtu wa kunigombeza, kwa sababu Tunduma kila mtu alikuwa ananisifu.

Nilimkuta yule mdogo wa marehemu nyumbani kwake, anaezeka banda la kuku. Alinikaribisha ndani, mkewe akaleta chai na viazi. Nilipojitambulisha aliweka kikombe chini.

"Kumbe wewe ndiye katibu," alisema. "Tumekuwa tukitaka kukushukuru."

Alisema bila mimi wasingejua, na shamba la mama yao lingekwenda kwa mtu baki. Nikamwambia kwamba mama alikuwa na pesa za kulikomboa, zilipungua kwa sababu ya paa letu, na kwamba akipewa muda atamrudishia alizotoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Shemeji akitaka kulima, shamba lipo, aje alime," alisema. "Lakini jina limeshaandikwa. Na angetuambia tangu mwanzo tungelikomboa pamoja. Alituficha. Hilo nalo linauma."

Kupitia mlangoni niliiona mibuni yenyewe, mikubwa, imepaliwa vizuri, chini yake pamewekwa majani makavu. Nilipoaga alinikatia mkungu wa ndizi, akaufunga mwenyewe nyuma ya pikipiki. Nikashukuru. Nilipofika stendi ya Vwawa nikamwachia dereva wa pikipiki mkungu wote. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Mvua zilipoanza nilikusanya ujasiri nikaingia dukani kwa mama. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Aliniambia nikae, nikakaa juu ya gunia.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

Aliendelea kuchagua. Alitoa jiwe, akatoa punje iliyotobolewa.

"Deni lilikuwa halali," alisema baadaye. "Ungesema tu 'alipe', nisingekuwa na neno na wewe. Hata mngeifunga fremu, ningewaelewa, mlikuwa mmeshaniandikia. Lakini yale nilikuambia wewe."

"Najua."

"Ulipokuwa unayasema ulikuwa unawatazama wao."

Nililia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu ilimlazimu aweke ungo chini na kunipa khanga nijifute. Nilimwambia nimekwenda Ruanda. Alisema anajua, wameshamwambia, na nisiende tena. Nilimuuliza kama anaweza kunisamehe. Alifikiri kama mtu anayetaka kusema ukweli.

"Kanisani nimeshakusamehe," alisema. "Nilisimama nikasema kwa kinywa changu. Hapa dukani bado."

Nikasema nimeelewa. Mteja akaingia kuulizia bei ya karanga, nami nikatoka.

Kabla ya mwaka kuisha aliuza miaka yake iliyobaki ya fremu kwa kijana muuza chaja na spika, akarudi Mbozi kukaa na dada yake, jirani na Mbozi Mission. Kuhama kwake niliambiwa na fundi simu. Nilishuka asubuhi moja nikakuta fremu imefagiliwa, mizani imetolewa, na alama za magunia sakafuni.

Nilijiuzulu ukatibu. Kabla ya kuondoka nilipendekeza kwamba kila mwenye fremu awe anaweka kidogo kila mwezi kwenye akiba ya matengenezo, ili siku kitu kikiharibika asiwepo mtu wa kudaiwa ghafla. Wakakubali. Shimo la choo lilipojaa mwaka jana, gari la kunyonya liliitwa na kulipwa siku ileile bila kikao. Mwenyekiti husema wazo lile lilikuwa zuri sana, na husema mbele ya watu. Mimi huona lilikuja limechelewa kwa fungu moja.

Nimemwona mama mara moja tu tangu hapo, msibani, alipozikwa mfanyabiashara mwenzetu wa zamani kule Mbozi. Tulijikuta kwenye mkeka mmoja tunachagua mchele. Alinisalimia, aliuliza hali ya soko, akaniambia maharage ya njano yameadimika. Alimwulizia binti yangu. Nikamwambia yuko kidato cha pili. Alisema "Mungu ni mwema", na tukaendelea kuchagua mpaka mchele ulipokwisha.

Niliporudi, binti aliniuliza kwa nini hatuendi kumtembelea bibi yake wa maharage. Swali hilo nilikuwa nimelikwepa kwa miaka. Mara hii nikamweleza yote, kuanzia upepo mpaka shamba. Alisikiliza akiwa ameacha daftari lake wazi.

"Kwa nini ulisema?" aliuliza.

Nilimpa sababu zangu. Fundi aliyekaa mlangoni. Maneno ya kamati na kile kicheko. Cherehani. Alizisikiliza zote, na alipoona nimemaliza akaendelea kunitazama, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Kwa hiyo nikamwambia na lile ambalo sikuwa nimewahi kulisema, hata siku nilipolia dukani. Kwamba mzee alipotamka "katibu" na chumba kizima kikanigeukia, kulikuwa na utulivu, watu wote wanasubiri neno langu, na mimi peke yangu ndiye niliyelijua. Niliupenda ule utulivu. Nilisema ili usinipite.

Binti yangu alivuta daftari lake akaendelea kuandika, nami nikaenda jikoni kubandika maji.